Siyo kila tumbo la mzee ni vidonda

Narudia tena, maana wiki haiishi bila kulisikia: mzee akishika chembe ya moyo tu, familia nzima imeshaamua kuwa ana vidonda vya tumbo. Kapimwa wapi? Hajapimwa. Dukani wamempa omeprazoli na magnesiamu, na kwa kuwa analalamikia pia magoti, wamemwongezea diklofenaki kwenye mfuko huohuo. Yaani kapewa dawa ya vidonda na dawa inayoleta vidonda kwa pesa moja.

Diklofenaki, ibuprofeni, naproxeni, piroksikamu na aspirini ni jamii moja. Zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizohizo ndizo zinazoufanya ukuta wa tumbo utoe ute wa kujikinga na asidi. Ndiyo maana hoja ya "mimi nachoma sindano, haigusi tumbo" inanichosha. Inagusa, kwa sababu dawa inafika tumboni kupitia damu, iwe umeimeza, umechomwa au umeiweka njia ya haja kubwa. Na kula kwanza kunapunguza kuungua, hakuzuii kidonda. Ukichanganya na deksa au prednisoloni (dawa za steroidi), kama maduka mengine yanavyofunga dozi za "mgongo na viungo", hatari ya kutokwa na damu inapanda zaidi.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba kwa mzee kidonda cha namna hii mara nyingi hakiumi. Dalili ya kwanza inaweza kuwa kizunguzungu anapoinuka kitandani, au choo cheusi. Nikisema cheusi nina maana ya choo laini, kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati na hakina harufu ile. Vyoo vingi vya huku ni vya shimo, ndani giza, hakuna anayeangalia. Mwombeni mzee ajisaidie kwenye kopo mara moja, muone wenyewe. Vuteni kope lake la chini pia: likiwa limepauka, msingoje kesho.

Kwa magoti anzeni na parasetamo, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa nane, jumla isizidi gramu 3 kwa siku. Mzee aliyekonda sana au anayekunywa pombe apewe pungufu ya hapo. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini ni salama zaidi kuliko kidonge, maana kinachoingia kwenye damu ni kidogo.

Sasa nije kwenye jambo la huku Ziwa Victoria, ambalo vitabu vilivyoandikwa mbali na hapa hulipitia juujuu. Mzee aliyevua au kukaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, maisha yake yote, Ukerewe, Kome, Sengerema au Ilemela, akitapika damu mbichi nyingi bila maumivu, wazo langu la kwanza ni kichocho cha tumbo kuliko vidonda. Mayai ya minyoo hii hunasa kwenye ini miaka na miaka, yanaacha makovu kandokando ya mshipa unaoleta damu kutoka utumboni, damu inakosa njia, presha ndani ya mshipa huo inapanda, bandama linavimba, na mishipa ya koo la chakula inatuna mpaka inapasuka. Omeprazoli haifungui makovu ya ini. Kipimo cha choo kinaweza kukosa mayai kabisa kwa mtu mzima aliyeugua zamani, kwa hiyo "hana kichocho, kapimwa choo" hainitoshi. Ultrasaundi ya ini na bandama ndiyo inayoonyesha. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo (mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya 600), inaua minyoo, lakini makovu ya zamani yanaweza kubaki. Ndiyo maana huyu anahitaji endoskopi (mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni) ili mishipa ifungwe kwa mpira, na mara nyingi propranoloo ya kushusha presha ya mishipa hiyo. Na asiguse diklofenaki maisha yake yote.

Damu ikianza kisiwani, msimpe maziwa wala chakula. Mlazeni kwa ubavu, tafuteni boti saa hiyohiyo, na mwende na ndugu wawili watatu wenye afya wa kumtolea damu.

Halafu kuna H. pylori, bakteria anayeishi tumboni. Marshall na Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kazi yao juu ya bakteria huyu, na ni kweli analeta vidonda. Lakini watu wazima wengi wa ukanda huu wanaye bila kuugua, na kipimo cha damu hubaki chanya muda mrefu hata baada ya kupona. Kwa hiyo mzee anatibiwa mara mbili, mara tatu, kwa mstari uleule wa kipimo. Ombeni kipimo cha choo cha bakteria, baada ya kuacha omeprazoli wiki 2 na antibayotiki wiki 4. Hata kikiwa chanya, siwezi kuapa kwamba ndicho chanzo cha maumivu. Wapo wanaomaliza siku 14 za dawa, bakteria anakwisha, na tumbo linauma vilevile. Na klarithromisini, antibayotiki iliyomo mara nyingi ndani ya dozi hiyo, hupandisha kiwango cha amlodipini (dawa ya presha) mwilini, presha ya mzee ikaanguka. Mwambieni daktari dawa zote anazomeza, na za kienyeji pia.

Mengine kwa haraka. Maumivu ya chembe ya moyo pamoja na jasho jembamba au kukosa pumzi kwa mwenye kisukari au presha ni moyo mpaka ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikatae. Mzee aliyefunga choo siku nyingi kisha "akaharisha" majimaji kidogokidogo huenda ana choo kigumu kilichoziba, na maji yanapita pembeni: dawa ya kuzuia kuharisha itamzibisha zaidi. Tumbo likijaa na kukaza ghafla, na hata ushuzi hautoki, utumbo unaweza kuwa umejisokota. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, bila dawa ya kuendesha.

Mwenye miaka zaidi ya 55 aliyeanza maumivu mapya, anayekonda, anayekwama chakula kooni au mwenye upungufu wa damu, apelekwe kwenye endoskopi, hospitali ya Bugando jijini Mwanza kwa mfano, kabla ya kukaa miezi na omeprazoli. Dawa hiyo inaweza kutuliza hata maumivu ya saratani na kuchelewesha kuiona. Asile kuanzia usiku wa manane wa kuamkia kipimo, na meno ya bandia yatolewe. Kama hatokwi na damu, daktari anaweza kumsimamishia omeprazoli wiki 2 kabla ili bakteria aonekane kwenye kinyama kitakachochukuliwa. Aspirini ya moyo asiiache kwa uamuzi wake, aulize kwanza.