Kabla ya kumbeba, umemuuliza? Dhana potofu kuhusu kufuatilia haki za watu wenye ulemavu

Dhana: Kufuatilia haki ni kazi ya mawakili.

Nilisikia hivi tangu siku ya kwanza ya mafunzo yetu ya ufuatiliaji hapa Lamu, yaani kuwauliza watu wenye ulemavu jinsi wanavyotendewa na kuyaandika majibu yao. Ukweli ni kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataka katika kifungu cha 33 watu wenye ulemavu wenyewe na mashirika yao washiriki kikamilifu katika ufuatiliaji. Asiyeona huhoji na kurekodi kwa simu. Kiziwi humhoji kiziwi mwenzake kwa lugha ya ishara. Kinachofundishwa ni kuuliza, kunyamaza ukasikiliza, na kuandika kilichosemwa bila kukipamba.

Dhana: Kufuatilia ni kupima ngazi na milango.

Vipimo vina kazi yake, ila twende jetini. Maji yakishakupwa, boti ya kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, hukaa chini kabisa na ngazi huteleza. Mwenye kiti cha magurudumu hunyanyuliwa na vijana, huyu kwapani, yule magotini, pengine hata salamu hajapewa. Wana nia njema, nami nawashukuru. Mpima ngazi ataandika kwamba hakuna njia ya kiti, basi. Mfuatiliaji aliyefunzwa atauliza: ulitaka kushikwa vipi? Nani aliamua? Ulihisi vipi? Katika zoezi letu mama mmoja alijibu taratibu, huku akivuta mtandio wake, kwamba aliwahi kuacha kwenda kliniki kwa kuona haya kushikwa na wanaume asiowajua. Utepe wa kupimia hauwezi kuleta jibu hilo. Katiba ya 2010, Ibara ya 54, nayo hutaja kwanza kutendewa kwa utu na heshima, ndipo ikafika kwenye usafiri wa umma.

Dhana: Anayemlea mwenye ulemavu anaweza kumjibia.

Hapana. Najua ni vigumu, kwa kuwa ukipiga hodi utakaribishwa na mkubwa wa nyumba, na adabu ni kumsikiliza. Msikilize, kisha sema: "Shikamoo bibi, naomba nizungumze na mwenyewe." Mwenyewe aelezwe maswali ni ya nini, na kwamba anaweza kukataa au kukatisha wakati wowote. Kuficha jina pekee hakutoshi katika mji huu. Ukiandika "fundi viatu asiyeona wa mtaa fulani", ushamtaja.

Dhana: Tukisema, misaada itakatwa.

Hofu hii siibezi, kwa sababu anayeisema ana watoto wa kulisha. Ndiyo maana majibu hukusanywa pamoja, yasionyeshe ni ya nani. Yakishakusanywa, yanaweza kupelekwa kwa bunge la kaunti, kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, hata kwa kamati ya Umoja wa Mataifa ya mkataba ule, kule Geneva, ambayo hupokea taarifa za mashirika ya wenye ulemavu mbali na ile ya serikali.