Je, wajua lugha ya programu huipataje maktaba bila kupekua diski nzima?

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ukiandika import json (agizo la kuleta maktaba iitwayo json) katika lugha ya programu ya Python, mahali fulani kuna faharasa ya faili zote za diski, na lugha huitazama. Nilikosea. Python hubeba orodha fupi tu ya folda, iitwayo sys.path, na huzipitia moja baada ya nyingine. Faili lisilomo humo kwake halipo, hata kama wewe unaliona kwa macho. Ndiyo maana unaweza kusakinisha maktaba na bado ukaambiwa haipo: huenda umeiweka kwenye folda za Python nyingine iliyomo katika kompyuta hiyohiyo. Tena wa kwanza kupatikana ndiye anayechukuliwa. Ukiita faili lako random.py, programu iliyo kando yake ikitaka random italeta lako, na maktaba rasmi ya Python yenye jina hilo haitafikiwa.

Basi kasi inatoka wapi? Kwanza, moduli (kipande cha msimbo kinacholetwa kwa import) iliyokwisha kupakiwa hukaa kwenye kumbukumbu; ukiitaka tena, diski haiguswi.

Kwa moduli mpya, fikiria mjumbe anayemtafuta mtu katika nyumba tano, yaani folda tano. Zamani aligonga kila mlango mara kadhaa, kwa sababu moduli moja inaweza kuwa folda, faili la .py (msimbo wa kawaida), la .so (msimbo wa mashine) au la .pyc (msimbo uliokwisha kutafsiriwa na Python), na kila umbo lilihitaji kuuliziwa. Tangu Python 3.3, ya mwaka 2012, mjumbe huandika majina ya wakazi wote wa nyumba mara moja, akatembea na karatasi. Akirudi, hutazama tu saa iliyoandikwa mlangoni: kuna aliyehamia au kuhama tangu siku ile? Kama hakuna, husoma karatasi yake. Saa hiyo ni muda wa mwisho wa kubadilika kwa folda, unaotunzwa na mfumo wa faili.

Ni mbinu nzuri ajabu, ila saa hizo si makini sawa kila mahali. Faili likizaliwa punde tu baada ya karatasi kuandikwa, laweza kukosekana. Programu inayojiundia moduli ikiwa inaendelea kukimbia inapaswa kwanza kuita importlib.invalidate_caches(), ili karatasi zote zichanwe.

Faharasa niliyoidhania ipo kweli kwenye Linux, /etc/ld.so.cache, lakini ni ya maktaba za mfumo zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, na hujengwa kutokana na folda chache maalumu tu.