Kingamwili za mama na tezi ya kichanga

Benchi la kliniki, Masasi. Mtandio wa mama umeteleza, kovu la shingoni linaonekana. Nesi anauliza kama ana ugonjwa wowote. "Hapana, nesi. Nilikuwa na rovu, wakalitoa. Siku hizi nameza kidonge kimoja tu asubuhi." Nesi anaandika "hakuna", anaita mwingine.

Huku Kusini rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, tunalihusisha na chumvi isiyotiwa madini joto, na si bure. Ila lipo rovu lenye asili nyingine: kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, zimegeuka kuiandama tezi ya shingo.

Kondo la nyuma halichagui. Linampitishia mtoto kingamwili za surua, linapitisha na hizi, hasa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Ziitwazo TPO, zinazolenga kimeng'enya cha tezi, huwapata wengi, na kwa kawaida haziidhuru tezi ya mtoto. Za kuogopwa ni zinazokamata pale ambapo homoni ya TSH huiamrisha tezi. Baadhi huichochea kupita kiasi, nyingine huizuia.

Tezi ya mama inaweza kuwa imeshatolewa, kingamwili zikabaki kwenye damu yake miaka mingi. Kwa hiyo lile kovu lilikuwa jibu.

Kwa wanawake wenye ugonjwa wa Graves, yaani tezi iliyochochewa na kingamwili, watoto kama 1 hadi 5 kati ya 100 huzaliwa na tatizo hilohilo. Moyo unapita mapigo 160 kwa dakika hata akiwa amelala. Ananyonya kwa pupa, uzito hauongezeki. Kama mama alikuwa anatumia karbimazole, dawa ya kuituliza tezi, nayo huvuka na kuificha hali hiyo, hivyo mtoto anaruhusiwa mzima kisha anaugua siku kadhaa baadaye, nyumbani. Aliyezuiwa tezi ni kinyume: analala mno, umanjano hauishi, choo kigumu, kilio cha kukwaruza. Huyo hupewa homoni mapema, maana ubongo wake hausubiri.

TSH hupanda yenyewe saa chache baada ya kuzaliwa, ndiyo maana kipimo cha siku ya kwanza hupotosha. Damu ya kisigino huchukuliwa baada ya siku mbili tatu.

Kingamwili za mama hupungua nusu kila wiki 3 hivi, na kwa wengi huisha kufikia miezi 3 au 4. Kunyonyesha kunaendelea, kile kidonge cha asubuhi, cha homoni ya tezi, hakikatazi.