Winchi ya gari la zamani: anza na injini na chesisi

Swali ninaloletewa kila mara na wenye magari ya zamani ni la namba ya nguvu ya winchi, ile mashine ya kuvutia gari lililokwama kwa waya au kamba. Ninunue winchi ya ratili 8,000, au 9,500, au nijitose kabisa kwenye 12,000? Kabla sijajibu nami huuliza: gari lako linachaji kwa nini, na chesisi yake ya mbele iko katika hali gani? Winchi peke yake haivuti kitu. Inavuta kwa nguvu ya injini au ya betri, na mzigo wote unaishia kwenye chuma ilikofungwa. Kwa gari lililoundwa miaka ya 1950 au 1960, hayo ndiyo yanayoamua.

Chukua Land Rover Series IIA ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Inachaji kwa dainamo (jenereta ya kizamani), na Lucas C40 ya siku zile hutoa ampea 22 ikiwa nzima. Winchi ya umeme ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zake zote hunywa ampea 400 na zaidi. Ivutishe hivyo kwa dakika 2 tu, umeshachota kwenye betri zaidi ya ampea 13 za saa nzima. Ili dainamo ile izirudishe, injini inatakiwa kuzunguka vizuri kwa zaidi ya nusu saa, taa zikiwa zimezimwa. Na injini ikiunguruma polepole, kama inavyokuwa gari likiwa limezama matopeni, dainamo haichaji cha maana. Kwa hiyo anayetaka winchi ya umeme aweke kwanza kwenye bajeti oltaneta (jenereta ya kisasa, yenye kuchaji zaidi ya dainamo), betri imara na nyaya nene. Asipoviweka, winchi itavuta vizuri mara moja, halafu stata itagoma.

Kuna pia suala la chanya na hasi. Land Rover hizo hadi karibu mwaka 1967 zilitoka kiwandani ncha chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi. Rimoti zisizo na waya za siku hizi zimetengenezwa kwa gari lenye hasi kwenye bodi, na ukigeuza, kipokezi kinaungua. Mota zenye sumaku ya kudumu nazo huzunguka kinyume. Jipu la Willys MB la wakati wa vita lina volti 6, na hapo mazungumzo ya winchi ya kawaida ya umeme yanaishia palepale, isipokuwa umeamua kubadilisha mfumo mzima.

Ndiyo maana mimi huwapeleka watu kwanza kwenye winchi za injini. Land Rover za Series ziliweza kufungwa kapstani, ile ngoma iliyosimama wima mbele ya bampa na kuendeshwa na ncha ya krankshafti. Unazungusha kamba mara tatu au nne kwenye ngoma, mtu anashika ncha iliyolegea na kuivuta kidogo tu, na ngoma inafanya kazi iliyobaki. Nguvu yake ni ratili 3,000, yaani kama kilo 1,360. Watu wakiisikia namba hiyo wanaidharau. Lakini nguvu hiyo haipungui kamba inavyokuja, kamba inaweza kuwa ndefu upendavyo, na itavuta kutwa nzima maadamu kuna petroli. Ukipitisha kamba kwenye kapi na kurudisha ncha yake garini, karibu unaziongeza ratili hizo maradufu. Kasoro yake kubwa ni moja: injini ikizimwa na maji mtoni, nayo imekufa.

Toyota FJ40 nazo ziliweza kupata winchi ya ngoma inayoendeshwa kwa shafti kutoka giaboksi. Hii naipenda kuliko zote kwa gari la kazi. Ukiikuta ya asili, kagua pini ya usalama kwenye shafti kabla ya kitu kingine. Pini hiyo imewekwa ikatike mzigo ukizidi. Mara nyingi naikuta imetolewa, na mahali pake pana bolti ngumu. Hapo kitakachokatika kesho ni meno ya gia au waya wenyewe.

Sasa turudi kwenye namba. Kanuni inayotumika na wengi ni uzito wa gari likiwa limepakiwa, mara moja na nusu. Land Rover ya inchi 88 iliyopakiwa huwa kama tani 2, kwa hiyo unatafuta kilo 3,000 hivi, na winchi ya ratili 8,000 (kilo 3,630) inatosha na kubaki. Kumbuka tu kwamba namba hiyo ni ya tabaka la kwanza la waya kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka hupunguza nguvu, na ngoma ikijaa unaweza kubaki na theluthi mbili tu. Kwenye mzigo mgumu, toa waya mrefu au tumia kapi. Hiyo ya 12,000 kwa gari dogo ni uzito wa bure puani.

Kwa anayechagua winchi ya umeme, angalia gia. Winchi ya Warn 8274, iliyotoka mwaka 1974, ina kasi nzuri na breki yake iko nje ya ngoma, ila imesimama juu na inaziba rejeta kiasi. Zile fupi za gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya kati) hukaa vizuri nyuma ya bampa, lakini nyingi breki iko ndani ya ngoma, na ukiteremsha gari kwa muda mrefu ngoma inachemka. Kamba ya nyuzi za sintetiki, inayotumika badala ya waya wa chuma, haipendi joto hilo. Kwa upande wa uzito, hata hivyo, kamba ya nyuzi haina mpinzani: mita 30 za waya wa milimita 9.5 zina kilo kama 11, ya nyuzi haifiki 2. Springi za mbele na usukani usio na msaada vitakushukuru.

Chesisi usiikague kwa macho. Za Land Rover ni boksi la bati la chuma, na kutu huanzia ndani. Chukua nyundo ndogo, gonga kuanzia kwenye bampa kurudi nyuma, upande wa chini hasa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Na bolti za winchi zisipite kwenye boksi tupu. Kaza bolti hapo na kuta mbili zinabonyea, halafu bolti inalegea kila siku. Chomelea kipande cha bomba ndani, bolti ipite katikati yake.

Kabla ya kutoboa, ingiza pia hendeli ya kuwashia gari kwenye tundu lake uone kama bado itapita. Winchi nyingi huziba tundu hilo, na hendeli ndiyo inayowasha injini betri ikiisha.

Anayekwama mara chache kwa mwaka simshauri kufunga chochote. Winchi ya mkono ya aina ya Tirfor ya kilo 1,600 hukaa nyuma ya kiti, huvuta gari kwenda mbele, nyuma au ubavuni, wala haigusi umeme. Ni kazi ya jasho, na polepole. Ukiinunua, nunua na pini za akiba, na usiongeze urefu wa mkono wake kwa bomba hata mzigo ukigoma: funga kapi, uanze upya.