Tiketi inasema saa moja: dhana potofu kuhusu umbali na muda wa ndege kutoka Nairobi

Dhana: Gawanya kilomita kwa mwendo wa ndege, utapata muda wa safari.

Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni takriban kilomita 480. Angani ni kama 420. Jeti ikishatulia juu huenda kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo hesabu ya haraka inatoa nusu saa na dakika chache. Ratiba nayo huandika karibu saa moja, wala haijakosea. Muda wa ratiba huanza ndege inaposukumwa kutoka maegesho ya JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, na huisha inapoegeshwa Mombasa. Humo mna kujikokota hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, kupaa na kushuka. Safari ikiwa fupi hivi, ndege haikai sana kwenye mwendo wake kamili. Imemaliza kupanda punde tu na rubani ameshaanza kuishusha. Ndiyo maana Kisumu, yenye kama kilomita 280 za angani, haiokoi dakika nyingi ukilinganisha na Mombasa.

Dhana: Kwenda na kurudi ni muda uleule.

Umbali ndio uleule. Safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, ilipangiwa takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa kilomita zilezile 11,800. Kinacholeta tofauti ni upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki: unaipinga ndege ikienda, unaisukuma ikirudi. Wapo wanaodai ndege iendayo magharibi huwahi kwa kuwa dunia inazunguka kuelekea mashariki. La. Hewa huzunguka pamoja na dunia.

Dhana: Toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.

Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Ukiondoka Nairobi 09:00 na kufika London 15:00 mwezi Januari, umesafiri saa tisa, si sita, maana London iko nyuma kwa saa tatu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba tofauti ni saa mbili.

Kosa la gharama zaidi ni la usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumanne. Kwa safari ya nje unatakiwa uwanjani saa tatu kabla, yaani Jumatatu saa tatu na nusu usiku. Anayefika Jumanne jioni amechelewa karibu siku nzima, na tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi pesa.

Dhana: Pwani kwa ndege ni saa moja.

Jumlisha jam ya Barabara ya Mombasa, saa mbili za kuwahi uwanjani na kusubiri mizigo: saa nne hivi. Bado unaishinda treni, ila si kwa pengo unalodhania. Ukielekea Diani, tafuta kwanza ndege ya Ukunda, uwanja ulio karibu nako, usije ukatua Mombasa kisha pengine ukapanga foleni ya feri Likoni. Nyingi za Ukunda huondokea Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, kwa hiyo soma msimbo kabla ya kuita teksi: NBO ni JKIA, WIL ni Wilson. Ukikosea Ijumaa jioni, hutawahi kuvuka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine.