Ajami: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu

Ajami ni maandishi ya lugha isiyo Kiarabu kwa herufi za Kiarabu. Kihausa kimeandikwa hivyo, Kiwolofu pia. Kwa Kiswahili, barua za mwanzoni mwa miaka ya 1700 kutoka Kilwa zimehifadhiwa hadi leo Goa, India. Usichanganye na tafsiri: maneno ni yaleyale, herufi tu ndizo nyingine.

Shida ni sauti. Kiarabu kina herufi 28 na irabu fupi tatu: fataha (a), kasra (i) na dhumma (u). Kiswahili kina irabu tano, hivyo kasra ilibeba i na e, dhumma ikabeba u na o. Konsonanti nazo zilibanana: ب ilisomwa b, p au mb, ف ikawa f au v, ش ikawa sh au ch, غ ikabeba gh, g, ng na ng'.

Tazama شُكَ. Ni shuka, shoka au choka? Zote tatu ni sahihi. بَبَ nayo ni baba, papa, bamba au pamba. Mara nyingi silabi ya pili kutoka mwisho huongezewa herufi ya kuvuta, شُوكَ, kuonyesha mkazo, lakini hapo u na o bado hazijatengana.

Utenzi husomeka kwa urahisi zaidi kuliko barua. Kila kipande cha ubeti kina mizani (silabi) 8, na vipande vitatu vya mwanzo huishia kwa sauti ileile, yaani kina kimoja. Viwili vikiisha kwa -mba, ب ya mwisho katika cha tatu ni mb. Kwenye barua unabaki na muktadha tu, na majina ya watu na vijiji ndiyo yanayotesa.

Baadaye, hasa Mombasa, ziliongezwa پ kwa p na چ kwa ch, herufi za Kiajemi, pamoja na ڤ kwa v. Kwa e ikatumika kasra iliyosimama wima, kwa o dhumma iliyopinduliwa.

Ukigeuza muswada kwenda herufi za Kilatini, nakili kwanza herufi kwa herufi pamoja na irabu zake, bila kusahihisha chochote. Ndipo uorodheshe usomaji unaowezekana, upime kwa mizani na vina, kisha uandike. Wanaoruka hatua ya kwanza huishia kusanifisha: wakikuta “mato” ya Kiamu (lahaja ya Lamu) huweka “macho”, na kina kinavunjika.

Herufi za Kilatini nazo hupoteza. Adhabu ina ذ, dhamana ina ض, adhuhuri ina ظ. Sisi tunaandika dh kote. Anayerudisha maandishi kwenye Ajami hawezi kubahatisha hapo, sharti afungue kamusi ya Kiarabu.