Uhuru wa vyombo vya habari kwa majirani: dhana potofu na ukweli

Ubishi wa nani ana vyombo huru zaidi kati ya Wakenya, Watanzania na Waganda hauishi, na mara nyingi hukatwa kwa kuhesabu vituo vya redio au kuuliza mmiliki ni nani. Vipimo vyote viwili ni vibovu. Swali la maana ni hili: nani ana uwezo wa kukifunga chombo, kwa njia ipi, na aliyefungiwa akimbilie wapi?

Dhana: Chombo binafsi kiko huru, cha serikali ni kasuku wa watawala.

RTLM ya Rwanda, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994 na kutaja hewani majina ya watu wa kuwindwa, ilikuwa kampuni binafsi yenye wanahisa. Ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Haikuwa redio ya serikali kwenye makaratasi, lakini waliokuwa nyuma yake walikuwa watu wa karibu na utawala, na Desemba 2003 waanzilishi wake wawili walitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha. Kwa upande mwingine, New Vision ya Uganda inamilikiwa na serikali kwa zaidi ya nusu ya hisa, na zilizobaki ziko sokoni tangu 2004. Sisemi gazeti hilo liko huru. Nasema neno "binafsi" peke yake halitoshi kumwambia msomaji lolote.

Dhana: Kenya kuna uhuru, Tanzania hakuna, Uganda ni katikati.

Hapa tuna bahati ya kupata kipimo kizuri. Nation Media Group, kampuni yenye makao Nairobi, imekuwa na vyombo katika nchi zote tatu: Nation na NTV Kenya, Mwananchi na The Citizen Tanzania, Daily Monitor Uganda. Mwenye mali ni mmoja, mipaka ndiyo tofauti.

Mei 2013 polisi wa Kampala waliizingira Daily Monitor kwa siku kumi, wakitafuta barua ya Jenerali David Sejusa iliyohusu urithi wa madaraka. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ya Kenya ilizima NTV pamoja na KTN na Citizen TV, siku ambayo Raila Odinga alijiapisha Uhuru Park. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, baada ya kutolewa katuni ya video kuhusu watu waliotoweka na kuuawa.

Kwa hiyo hakuna kati yao asiyefungia. Kampala walitumia polisi, Nairobi walizima mitambo, Dar es Salaam wakashika leseni. Tofauti iliyo nzito iko kwenye kinachofuata. Kenya, hazikupita siku mbili kabla Mahakama Kuu haijaamuru vituo virudi hewani, ikitumia Katiba ya 2010. Serikali ilisuasua kutii, lakini amri ilikuwepo na kila mtu aliiona. Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilimpa waziri nguvu kubwa juu ya magazeti. Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalirudishiwa leseni Februari 2022, jambo lililofurahisha wengi, mimi nikiwemo. Lakini yalirudishwa kwa kauli ya waziri, si kwa sheria kubadilika. Leseni inayorudi kwa kauli huweza kuondoka kwa kauli.

Wakenya nao wasijisifu sana. Serikali ni mteja mkubwa wa matangazo, na madeni yake kwa vyombo vya habari ni kilio cha miaka. Mhariri anayesubiri kulipwa na wizara hufikiri mara mbili kabla ya kuichunguza. Hilo halihitaji polisi, na Tanzania lipo vilevile.

Dhana: Tanzania ina mfumo mmoja wa habari.

Ina miwili. Zanzibar ina sheria zake, tume yake ya utangazaji, shirika lake la utangazaji ZBC na gazeti lake Zanzibar Leo. Ilikuwa na televisheni tangu 1973, wakati Bara walisubiri hadi miaka ya 1990.

Dhana: Sheria ya jirani hainihusu.

Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya ile sheria ya Tanzania ya 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Ilikwishafanya hivyo kwa Burundi, katika kesi ya chama cha waandishi wa habari, tarehe 15 Mei 2015. Siku moja au mbili kabla ya hukumu hiyo, redio binafsi za Bujumbura zilikuwa zimeshambuliwa katika vurugu za jaribio la mapinduzi, RPA na Bonesha zikiwemo. Hukumu haikuzirudisha hewani.

Hata hivyo hoja za Warundi zilibaki kwenye kumbukumbu za mahakama, na Watanzania wakapata pa kushika. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkaazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri Arusha, bila kulazimika kumaliza kwanza mahakama za kwao. Muda ni miezi miwili tu tangu sheria au kitendo kinacholalamikiwa, na wengi hushtuka umekwisha pita.